Scrabble na saa: msimpimie mtu kila zamu, mpeni fungu lake la muda

KeteSaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani kwetu Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, huchezwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Tuko wanne: mama, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, shemeji yangu, mdogo wangu wa kike, na mimi. Miaka yote hatukuwa na saa. Karatasi ya sheria iliyokuja na boksi letu haikutaja muda popote, na sisi hatukuona haja, mpaka shemeji alipoanza kunogewa. Anakaa na herufi zake saba, anazipanga, anazipangua, anatazama ubao, anarudi kwenye herufi. Siku moja nilimpimia: dakika 11 kwa neno la pointi 9. Mdogo wangu alikuwa akiondoka kwenda kuosha vyombo, akirudi zamu bado haijasogea.

Nikanunua saa ya mchanga ya dakika tatu, nikidhani nimemaliza kesi. Jumapili ya tatu mama akasema hachezi tena. Hakugomba. Alisema tu, "Chezeni ninyi wenye mbio," akaenda kukaa barazani. Jioni nikamfuata kumuuliza. Akaniambia: "Maneno ninayo, mwanangu. Ila nikiutazama ule mchanga unavyoshuka, siyaoni tena."

Nimekaa na kauli hiyo wiki nzima, na nimefika mahali naamini kosa halikuwa kuweka muda. Kosa lilikuwa namna ya kuuweka.

Angalieni wanavyofanya kwenye mashindano. Kule ni watu wawili kwa ubao mmoja, na kila mchezaji anapewa dakika 25 za mchezo wote. Hakuna anayekupimia zamu. Wanatumia saa ya chesi: ukimaliza kucheza unabonyeza upande wako, yako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Ukitaka kutumia dakika sita kwenye zamu moja, tumia, ni mali yako. Zikiisha, mchezo haukatwi. Unaendelea, ila kila dakika unayopitisha, hata ikiwa imeanza kwa sekunde moja tu, unakatwa pointi 10.

Dakika 25 ni sekunde 1,500. Mtu akicheza zamu 13 hivi, inaangukia chini kidogo ya dakika mbili kwa zamu. Lakini hakuna anayezigawa sawasawa, kwa sababu zamu hazilingani uzito. Zamu ya kwanza ubao ni mtupu, una njia chache. Kuna zamu umeshika I tano, huna cha kufikiria, unabadilisha herufi basi. Halafu kuna zamu herufi zako zinakaribia neno la saba zote, lenye nyongeza ya pointi 50, na unajua lipo ila halijajitokeza. Hapo ndipo mtu anahitaji dakika nne. Saa ya mchanga haijui tofauti hiyo. Inakupa dakika tatu ulipohitaji sekunde 20, na inakunyang'anya ulipohitaji nne.

Hesabu iliyonishangaza ni hii. Sisi wanne tukigawana herufi 100, kila mtu anapata kama zamu saba. Kwa saa ya mchanga, dakika tatu mara saba ni 21 kwa mtu, na kwa watu wanne ni dakika 84. Tukimpa kila mtu fungu la dakika 15, mchezo mzima ni saa moja. Kwa hiyo fungu ni kali kuliko mchanga ukijumlisha, na bado naamini mama angelivumilia vizuri zaidi, kwa kuwa hakuna kitu kinachokwisha mbele ya macho yake kila zamu.

Nyie kwenu mnafanyaje? Nataka kusikia hasa wanaocheza na wazee au watoto.

---

mlimani_kimya

Mkuu, mimi niko upande mwingine kabisa. Ukileta saa mezani umeleta mtihani. Mchezo wa nyumbani ni mazungumzo. Herufi ni kisingizio cha kukaa pamoja. Kwetu mtu akichelewa tunaendelea kupiga stori, chai inanywewa, akiwa tayari anasema. Shemeji yako mwambieni tu ajirekebishe.

---

KeteSaba

Mkuu, nakuelewa, na kwa meza ambayo wote wanapenda stori sawasawa sina hoja. Ila kumwambia mtu "jirekebishe" tulijaribu. Inakuwa ni mmoja wetu ndiye anayemharakisha, na akimharakisha, uso unabadilika. Shemeji ni mgeni wa heshima nyumbani, nani atamwambia kila Jumapili? Saa inatuondolea hiyo kazi. Na yule mdogo wangu anayeosha vyombo wakati wa zamu za wengine, kwake hayakuwa mazungumzo tena.

---

ChesiTanga

Hoja ya fungu ni ya zamani kwenye chesi na inafaa kutazamwa. Kabla ya saa watu walikuwa wanakaa kimya masaa mpaka mpinzani achoke. Mwaka 1861 kule London, Anderssen na Kolisch, wachezaji wakubwa wa chesi wa enzi hizo, walicheza kwa saa za mchanga: hatua 24 kwa masaa mawili. Ona kwamba hata wao hawakupimiwa hatua moja moja, walipewa jumla. Mwaka 1883, London hiyohiyo, zikatumika saa mbili zilizounganishwa, moja ikitembea nyingine inasimama. Hiyo ndiyo baba wa saa mnayoibonyeza leo kwenye Scrabble.

Ila chesi ilikwenda hatua moja mbele. Bobby Fischer, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa chesi, alipata hataza ya saa inayokuongezea sekunde kadhaa kila unapocheza, mwaka 1989. Faida yake ni kwamba huwezi kufa kwa sababu ya mkono kuchelewa. Kila ukicheza unapata pumzi kidogo. Kwa mama yako ningejaribu hivyo: dakika 10 na nyongeza ya sekunde 30 kila zamu.

---

HerufiTupu

Nacheza mashindano Nairobi, acha niongeze kutoka kwa meza yenyewe, maana watu wengi wanafikiri saa ni ya kukimbizana.

Utaratibu wa zamu ni huu: unaweka herufi ubaoni, unataja pointi, unabonyeza saa, ndipo unaandika pointi na kuchota herufi mpya. Tazama mpangilio huo. Kuandika na kuchota kunafanyika wakati saa ya mwenzako inatembea. Anayeanza anakosea hapo: anachota kwanza, anazipanga, anazifurahia, ndipo anakumbuka kubonyeza. Sekunde 15 kila zamu, kwa zamu 13 ni zaidi ya dakika tatu zimekwenda bure. Wengi wanaolalamika kwamba dakika 25 hazitoshi, nikiwatazama, naona wanazimwagia hapo.

Pili, mwenzako akipinga neno, saa inasimamishwa. Hakuna anayelipia muda wa kuhakikisha neno. Kwa kanuni za kimataifa ukipinga neno halali adhabu yake ni pointi 5. Marekani mtindo wao wa siku zote ni kwamba anayepinga vibaya anapoteza zamu. Nyumbani watu hubishana kuhusu neno saa ikiwa inatembea, na hiyo ni dhuluma ya wazi kwa mwenye zamu.

Tatu, na hili ndilo linanifanya nitetee fungu kwa moyo wote: mwisho wa mchezo. Herufi ni 100 na idadi ya kila moja inajulikana. Mchezaji makini anakata kwenye karatasi kila herufi inayotoka. Mfuko wa kuchotea herufi ukiisha, unajua mwenzako ameshika nini, zote saba. Kuanzia hapo bahati imetoka mezani, ni hesabu tupu: nikiweka hili ataweka lile, nikiziba hapa atabaki na V mkononi. Hapo dakika tano zina thamani kuliko dakika 15 za mwanzo. Kwa hiyo unacheza haraka katikati ili uzifikishe pale. Ukinipimia dakika tatu kwa zamu, umeniondolea sehemu tamu kuliko zote ya mchezo huu, kwa sababu akiba haina maana tena.

Na hiyo adhabu ya pointi 10 usiidharau. Kwenye chesi muda ukiisha umeshindwa, hata kama ulikuwa unaongoza. Kwetu unalipa bei na unaendelea. Nimewahi kupitiliza sekunde chache kwa makusudi kwa sababu niliona hatua ya pointi 24 zaidi. Nililipa 10, nikabaki na 14. Ila usizoee, ukipitiliza zaidi ya dakika kumi mchezo umeupoteza.

Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia Perth, Australia, mwaka 2015, Mwafrika wa kwanza, alikuwa chini ya saa hiyohiyo.

---

ChesiTanga

Kwenye Scrabble mbona nyongeza ya sekunde haikushika basi?

---

HerufiTupu

Mtandaoni ipo, kuna sehemu unachagua mwenyewe dakika na nyongeza. Mezani, maoni yangu ni kwamba ile adhabu ya pointi inafanya kazi hiyohiyo ya kukupa pumzi. Tena mashindano ni michezo mingi kwa siku moja na wote wanaanza raundi pamoja. Mratibu lazima ajue raundi itaisha lini. Watu wawili, dakika 25 kila mmoja, ni dakika 50, anaweka na dakika za kuhakikisha maneno, ratiba inakaa.

---

Ukumbi_wa_Bao

Sisi wa Unguja tuna bao, halina saa, lakini msifikiri halina muda. Lina watu. Ukishika kete ukakaa, waliokuzunguka wataanza: "Cheza bwana!" "Umelala?" Mchezaji mzito anaharakishwa na midomo ya baraza nzima. Kwa hiyo ndugu mlimani_kimya anaposema mchezo wa kupumzika hauna saa, mimi naona saa ipo siku zote. Kinachobadilika ni nani ameishika. Ile ya midomo inamwonea mpole. Mtu mwenye sauti anajibu na kuchukua muda wake, mtu mwenye haya anacheza haraka ili asisemwe. Mama yako, ninavyomsoma, ni mtu wa haya.

---

KeteSaba

Umempata kabisa. Nilikuwa sijaiona hivyo. Asante sana.

---

mwana_wa_Lubumbashi

Ninaishi Brussels, na hapa kuna Scrabble nyingine ambayo wengi huko Afrika Mashariki hawajaiona. Inaitwa duplicate. Aliyeianzisha ni Mbelgiji, Hippolyte Wouters, mwaka 1972. Ukumbi mzima mnapewa herufi saba zilezile. Kila mtu ana ubao wake na anatafuta neno la pointi nyingi kuliko yote, analiandika kwenye karatasi. Muda ni dakika tatu kwa zamu. Zikiisha, karatasi zinakusanywa, neno bora linatangazwa, wote wanaliweka ubaoni, na zamu inayofuata inaanza kutoka hapo. Kuna mtindo wa haraka ambao muda ni dakika moja tu.

Nimeandika hivi kwa sababu KeteSaba amesema kupima kila zamu ni kosa. Hapa si kosa, na nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayemsubiri mwenzake. Ukumbi mzima unafikiri kwa wakati mmoja. Dakika tatu zinapoisha hujasumbua mtu na hakuna aliyekukodolea macho. Bahati ya kuchota herufi nzuri nayo haipo. Mama angeweza kuupenda mtindo huu, na ninyi wanne mnaweza kuucheza kwa boksi moja: mmoja anachota na kutaja herufi, wengine wanaandika.

---

KeteSaba

Hii imenifungua macho. Kumbe shida haikuwa dakika tatu zenyewe, ilikuwa watu watatu wanaokutazama ukizitumia.

Kuna jambo jingine sijalisema na linahusu muda moja kwa moja. Sisi tunacheza kwa Kiswahili, kwa boksi la Kiingereza. Anayejua boksi hilo anajua tabu yake: K ni moja tu, na ina pointi 5. W mbili, M mbili. E ziko 12, na A, ambayo kwetu ndiyo mfalme, ziko 9. C mbili hazina kazi bila H, na H nazo ni mbili. Q na X ni mzigo, hazina neno. Tuliziondoa Q, X na E tano, tukabandika karatasi juu yake: K tatu, A tatu, M moja. K tukaishusha hadi pointi moja. Mchezo ulichangamka siku hiyohiyo.

Lakini ikaja shida ya vitenzi. Mdogo wangu aliweka ANAPIKA, herufi zote saba, akadai 50 zake. Tukampa. Zamu iliyofuata shemeji akaketi, na safari hii nilimwelewa: kama ANA inaruhusiwa, basi ALI, ATA, TUNA, WANA, HAWA, na katikati unaweza kuingiza KU, NI, YA, LI, na mwishoni IA, ISHA, ANA. Kila mzizi unazaa maneno kadhaa wa kadhaa. Mtu yeyote anayetaka kucheza vizuri atahitaji dakika 11, maana uwanja wa kutafuta hauna ukuta. Kumbe sehemu ya uzito wa shemeji tuliitengeneza sisi wenyewe kwa sheria yetu.

Sasa tunafuata kamusi: kitenzi kinakubalika kama kilivyoandikwa kamusini, PIKA, PIKIA, PIKWA, bila viambishi vya mbele; nomino kwa umoja na wingi. Mnaocheza kwa Kiswahili, kabla hamjanunua saa, kaeni kwanza mkubaliane maneno gani ni halali. Nusu ya muda wetu ilikuwa inapotea hapo, kwa kutafuta na kwa kubishana.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Nasoma kimyakimya siku zote ila leo naandika. Baba yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ni mzito. Akili yake iko vilevile, neno analiona kabla yetu. Kuliweka ubaoni ndiko kunakomchukua muda, herufi zinamponyoka. Tukiweka saa itakuwa tunampima mkono. Tufanyeje?

---

HerufiTupu

Pole sana kwa baba. Akishaliona neno alitaje na aseme linaanzia wapi, hapohapo saa isimame. Mwingine amsaidie kuliweka, au aliweke mwenyewe taratibu, saa ikiwa imelala. Unachopaswa kupima ni kufikiri peke yake. Ningekuwa mimi ningemwachia aweke mwenyewe kama anapenda.

---

KeteSaba

Na mafungu si lazima yalingane. Kwenye mashindano lazima, maana kuna zawadi na viwango. Nyumbani mnaweza kumpa mtoto 20, mzee 20, kijana 12. Hakuna aliyeonewa, mradi mmekubaliana kabla ya herufi ya kwanza.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Asanteni. Nitamuuliza mwenyewe anataka ipi.

---

KeteSaba

Wakuu, narudi na taarifa ya Jumapili.

Nilipakua programu ya saa ya watu wanne, zipo kadhaa za bure, nikaiweka simu pembeni mwa meza, kioo kikitazama upande wangu ili mama asikae akikiangalia. Dakika 15 kwa sisi watatu, 20 kwa mama. Pointi 10 kwa kila dakika ya ziada, na saa kusimama neno likipingwa. Ilibidi nimshawishi. Nilimwambia hakuna mchanga, na hakuna atakayemwambia "bado?".

Shemeji alianza vilevile, zamu ya pili akatumia dakika tano. Hakuna aliyesema kitu. Aligeuka mwenyewe akauliza, "Nimebakiwa na ngapi?" Nikamwambia. Kuanzia hapo zamu ndogo alizicheza haraka, na nilifurahi kumwona akifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Alipitiliza mwishoni kwa dakika moja na sekunde chache, akakatwa 20, akashindwa na mdogo wangu kwa 14. Alilipokea vizuri, akasema hizo ni zile tano za zamu ya pili.

Mama alitumia dakika zake kwa namna ambayo sikuitegemea. Zamu nne za kwanza hazikumfikisha hata dakika tano zote pamoja. Halafu ya tano akaketi. Sisi tukanyamaza, mdogo wangu akamimina chai. Dakika saba nzima. Akaweka MAHINDI, herufi zote saba, M ikishuka mbele ya AMA iliyokuwa mwisho wa safu, ikasomeka MAMA. Hakutabasamu hata kidogo, alitaja pointi zake akachota.

Alimaliza akiwa na dakika sita kwenye saa. Wakati tunakusanya herufi akaniambia, "Wiki ijayo nipeni kumi na tano kama wenzangu."

Kitu kimoja tu hatujakipatia dawa: anasahau kubonyeza. Nimekuwa namsaidia, lakini shemeji naye ameanza kudai abonyezewe. Wenye meza za watu wanne, nani kwenu anashika simu?